Maji ya mugongo ya yaya: "normal" inajibu ulizo gani?

Karatasi ya labo ilikuwa na mistari mitano. Maji ni safi, hayana rangi. Seli nyeupe: 2. Protini: sawa. Sukari: sawa. Mikrobu: hakuna. Chini kabisa mutu ameandika neno moja kwa kalamu: normal.

Jioni ile, kwa mama mukubwa ku Katuba, nyumba nzima ilipumua. "Yaya hana kintu, maji yake ni normal!" Wakamushukuru Mungu, jirani mumoja akaleta hata soda. Yaya mwenyewe alikuwa anashika ukuta ili afike ku choo. Miezi nane mbele ya pale jicho lake la kushoto lilizimika karibu majuma matatu, kisha likarudi. Sasa ilikuwa ni miguu. Munganga alikuwa ametaja sklerozi ya plaki, ile wanaita SEP, na ndiyo maana aliomba atobolewe mugongo. Maji yakatoka, karatasi ikatoka, na ile karatasi ikafunga mazungumzo.

Ndugu zangu, mimi si munganga. Nilisomea agronomia, kazi yangu ni mahindi na udongo. Mutanisamehe basi kama ninasoma karatasi ya lopitali sawa vile ninasoma karatasi ya udongo. Mulimaji analeta udongo wake juu mahindi yake yanageuka manjano. Labo inapima asidi tu, inamuandikia "udongo ni sawa". Asidi kweli iko sawa. Lakini yeye alikuwa na shida ya azoti, na azoti hakuna mwenye aliipima. Karatasi haikusema uongo, ila ilijibu ulizo lenye hakuna mutu aliliuliza. Ndivyo ilivyokuwa kwa yaya, na ndiyo ninataka kuchambua hapa, kwa sababu ninaona hata sisi wenye tulisoma tunaishia ku lile neno la chini.

Katika SEP, kinga ya mwili inashambulia mielini, ile ngozi inayofunika nyuzi za neva, mara huku mara kule, na kwa siku mbalimbali. Maji ya mugongo ya mugonjwa wa SEP mara nyingi ni safi. Seli ni chache, ao zinapanda kidogo tu. Zikipita 50, munganga muzuri anaanza kufikiri ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kuhesabu seli mbili na kuandika "normal" hakutoi SEP hata hatua moja. Chenye kinatafutwa ni kitu kingine: mistari ya protini za kinga, bandi za oligoklonali, zenye zimetengenezwa ndani ya ubongo wenyewe. Ili kuziona, unapitisha maji katika umeme juu ya jeli, na pembeni yake unapitisha damu ya mutu yule yule, ya siku ile ile. Mistari ikionekana katika maji na isionekane katika damu, hapo kuna neno. Kule Ulaya ya kaskazini, karibu wagonjwa 9 juu ya 10 wa SEP wako nayo. Kwa yaya, hakuna mutu aliyemutoa damu siku ile. Bila damu, hata labo ya mbinguni isingeweza kujibu.

Niseme kidogo juu ya sindano, maana ilituchelewesha majuma mawili. Mama mukubwa alikataa. "Bakikutoboa mugongo, hautatembea tena." Muyomba akaongeza hadithi ya kijana mwenye alitobolewa na akakufa kesho yake. Hadithi hizo si za bure. Watu wengi wanatobolewa kwetu wakiwa wamefika na mananjiti ya siku tano, wameshapitia maombi na famasi ya pembeni ya njia. Wanakufa na mananjiti, lakini jamaa imeona sindano. Ukweli wa mwili ni huu: kwa mutu mukubwa, uti wenyewe unaisha juu, karibu ya mufupa wa kwanza ao wa pili wa kiuno. Sindano inaingia chini ya pale, kati ya wa tatu na wa nne, ao wa nne na wa tano, mahali penye kuna nyuzi zinazoelea katika maji tu. Hatari ya kweli iko pale ambapo kuna uvimbe unaosukuma ndani ya kichwa, ndiyo maana munganga anachunguza kwanza macho, ao anaomba skana. Kinachosumbua wengi ni kichwa kuuma baadaye. Hata hapo, uchunguzi mukubwa wa 2018 ulionyesha kwamba ukitumia sindano yenye ncha isiyokata, kichwa kinauma watu kama 4 juu ya 100, pahali pa 11. Nani kati yetu alishasikia jamaa inauliza aina ya sindano? Tunauliza bei ya kitanda.

Lakini sisi Wakongomani hatukuanza kuogopa hii sindano jana. Inchi yetu labda ndiyo inajua sindano ya mugongo kuliko inchi nyingi za dunia, na si kwa sababu ya SEP. Ni kwa sababu ya malale. Tangu wakati wa ukoloni, vikundi vya wanganga vilikuwa vinazunguka vijijini, vinatafuta vimelea katika damu na katika tezi za shingo, na mutu akipatikana navyo, anatobolewa mugongo. Chembe nyeupe zikipita 5 katika mikrolita moja, ugonjwa umefika katika ubongo. Jibu hilo lilikuwa linagawanya watu kweli kweli. Wa hatua ya kwanza walipewa pentamidini. Wa hatua ya pili, kwa miaka mingi, walipewa melarsoproli, dawa yenye arseniki, yenye ilikuwa inaua karibu mugonjwa 1 juu ya 20. Huwezi kumupa mutu dawa sawa ile bila kuhakikisha. Na kisha kupona, alikuwa anaitwa tena kila miezi sita, mpaka miaka miwili, atobolewe tena. Watu walikimbia, na mimi ningekimbia.

Ule mutobolo uliumiza, uliogopesha, lakini hakuna mwenye angeweza kusema haukuwa na kazi. Namba ikiwa 4 unapata dawa hii, ikiwa 20 unapata ile.

Sasa angalieni kitu kilichotokea mwisho wa 2017. Mwezi wa kumi na moja, gazeti la The Lancet lilitoa matokeo ya feksinidazoli, vidonge vya siku kumi, vilivyojaribiwa ku watu 394 katika Kongo yetu na katika Afrika ya Kati, chini ya uongozi wa munganga wetu Victor Kande. Vidonge vile vinatibu hatua zote mbili. Inchi yetu ikavikubali mwisho wa 2018, na 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni likaandika kwamba wagonjwa wengi hawana tena lazima ya kutobolewa. Sindano ibaki kwa wale ambao dalili zao zinaonyesha ubongo umeshikwa sana. Sindano ilirudi nyuma juu jibu lake halikuwa tena linageuza dawa.

Mwezi uliofuata, wa kumi na mbili 2017, gazeti ndugu la The Lancet Neurology likatoa masharti mapya ya kutambua SEP, yale yanaitwa ya McDonald, kwa jina la munganga wa New Zealand aliyeongoza yale ya kwanza ya 2001. Na humo sindano ilirudi mbele! Mwaka 2010 walikuwa wameipunguza sana, wakiegemea picha za IRM. Sasa wakasema: mutu akiwa na shambulio moja la kawaida, na IRM ikionyesha alama mahali mbalimbali, basi bandi katika maji ya mugongo zinatosha kuchukua nafasi ya kungojea shambulio la pili. Mutu anaanza dawa mapema, mielini inaokolewa. Kwa mutu wa Lyon ao wa Montréal, nakubali kabisa, ni kazi nzuri.

Uchambuzi wangu uko ku sehemu ingine ya andiko lile. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba masharti yao yamejengwa zaidi juu ya watu weupe wa magharibi. Kisha wanashauri kwa nguvu kwamba maji ya mugongo yachunguzwe kwa watu ambao SEP si ya kawaida kwao: watoto, wazee, na watu wasio weupe. Yaani sisi. Wenye wanaambiwa "ninyi hasa, mufanye bandi" ndio wenye labo zao za kila siku zina mikroskopi na kioo cha kuhesabia seli. Siwalaumu kwa kuomba uhakika. Ninawalaumu kwa kuandika shauri bila kusema lifanyiwe wapi, na kwa feza ya nani. Ukimwambia mulimaji wa Kipushi "pima udongo wako kila musimu" bila kumuonyesha labo, hujamushauri, umemuachia dhambi.

Na kuna jambo gumu zaidi. Bandi si za SEP peke yake. Kaswende ya ubongo inazileta, virusi vya HTLV-1 vinavyofanya miguu ikauke vinazileta, VIH inaweza kuzileta, malale yenyewe inazileta. Antwerp, mji wa Ubelgiji wenye chuo cha magonjwa ya tropiki, mji ambao wanganga wengi wa koloni walipita, ndio mji ambao Lowenthal, Karcher na van Sande waligawanya kwa umeme protini za maji ya mugongo, ku 1959 na 1960. Mwaka ule ule sisi tunapata uhuru. Kule, maji ya mugongo yalianza kuonekana sawa alama za SEP; huku yalikuwa yanahesabiwa seli za malale. Kipimo kimoja kinabeba maana mbili kulingana na udongo penye kimewekwa, na hakuna mwaka wenye masharti ya Ulaya yataondoa hiyo.

Kwa hiyo mimi ningegeuza ulizo. Hapa kwetu, kazi ya kwanza ya maji ya mugongo si kuhakikisha SEP. Ni kutafuta yale yanayotibika na dawa za famasi ya kawaida: kifua kikuu, kaswende, kriptokoki. Pale seli 2 na sukari sawa zina maana, na zilimufaa yaya kweli: zilipunguza hofu ya kifua kikuu cha mfumo wa neva. Ingekuwa vizuri mutu aandike hivyo. "Hakuna dalili za maambukizo, bandi hazikutafutwa." Ni maneno matano ao sita, yanatosha ku ile nafasi ya "normal".

Tena kuna ugonjwa wa Devic, ndugu wa uongo wa SEP, unaoshika macho na uti. Kwa watu weusi unachukua sehemu kubwa zaidi kuliko kwa weupe, na bandi zinapatikana kwa wachache, chini ya 1 juu ya 5. Kipimo chake kikubwa hakiko katika mugongo, kiko katika damu: antikori ya akwaporini-4, iliyogunduliwa 2004. Na baadhi ya dawa za SEP zinamuzidishia ugonjwa mutu wa Devic. Hapa namba inageuza dawa tena, sawa vile wakati wa malale. Jicho la yaya kuzimika, kisha miguu: ningekuwa mimi, ningeanzia pale. (Konzo, ile ya muhogo muchungu usiolowekwa vizuri, ninaijua kwa masomo yangu, inakausha miguu kwa ghafla na maji ya mugongo yanabaki sawa. Lakini yaya anakula bukari ya mahindi, na konzo haizimi jicho na kulirudisha.)

Sasa jamaa inauza kiwanja ili yaya avuke Kasumbalesa, aende kutafuta IRM. Sawa, picha haiwezi kupigwa bila mutu kuwepo. Ila maji na damu vinaweza kusafiri bila yeye. Seli ndizo hazingojei: kisha saa moja ao mbili zinaanza kuvunjika, zihesabiwe pale pale. Protini zinavumilia, katika baridi ya frigo zinangoja siku kadhaa, zikigandishwa zinangoja sana. Tubu mbili, moja ya maji na moja ya damu, zina bei ndogo kuliko tiketi ya mutu mwenye hatembei na mutu wa kumushika. Na masharti mapya yaliyotoka 2025 yanakubali kipimo kingine pahali pa bandi, minyororo ya kapa, inayosomwa na mashine na kutoa namba, si mistari ya kubishania. Siku moja hiyo inaweza kufika kwetu mbele ya jeli na umeme.

Nilirudi ku labo ile kuuliza kama walibakiza maji ya yaya. Kijana wa labo alikuwa mupole sana. Alifungua frigo, akaangalia, akafunga. Tulitupa, yaya, tulishamaliza kuhesabu.

Munganga anaomba sasa mutobolo wa pili, pamoja na damu. Yaya amekataa, na safari hii si kwa sababu ya hadithi za muyomba. "Maji walikuwa nayo," anasema.