Ufundi wa Kuuliza Kwa Nini

Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, wanakijiji wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na watawala wa Kijerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwanafunzi akiulizwa sababu zake hujibu upesi: kodi, pamba, viboko, maji ya dawa ya nabii Kinjikitile wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Yote hayo ni kweli. Lakini orodha ya mambo ya kweli bado si maelezo, na ni falsafa inayotufunza kutoka kwenye orodha hadi kwenye maelezo.

David Hume, Mskoti aliyeandika katika karne ya 18, alionya kwamba macho huona jambo likifuata jambo. Hayaoni kamwe kani inayoyaunganisha. Wahenga wetu walikuwa na kipimo chao: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Liondoe jambo unalolishuku, kisha uulize kama matokeo yangekuwa yale yale.

Tuijaribu pamba kwa kipimo hicho. Huko Umatumbi sababu hiyo inasimama imara: pamba ndiyo iliyong'olewa kwanza. Lakini Wangoni wa Songea, ambao hawakuwa chini ya mpango ule wa pamba, nao waliingia vitani, huku watawala wao wakiwa na uchungu wa kupokonywa mamlaka. Kodi je? Ilitozwa hata kwa Wahehe, na Wahehe hawakuungana na waasi. Kwao, kumbukumbu ya mtawala wao Mkwawa kushindwa na Wajerumani ilikuwa bado mbichi. Basi swali moja limezaa matatu: kwa nini watu walichukia, kwa nini waliinuka wakati ule, na kwa nini makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja yalipigana pamoja. Kila swali lina sababu yake.

Swali la tatu ndilo linalotufikisha kwenye maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti 1905, lakini vita viliendelea kusambaa kwa miezi. Mtu aliondoka, ujumbe ukabaki. R. G. Collingwood, mwanafalsafa wa Uingereza, alishikilia kwamba tendo la binadamu halieleweki mpaka tuifikiri upya fikra ya aliyelitenda. Anayeyaita maji yale ujinga mtupu amekwishafunga mlango huo. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, waliufungua kwa kwenda vijijini kuwasikiliza wazee. Maji yakaonekana kwa sura nyingine: kiapo cha umoja kwa watu ambao hawakuwa na serikali ya kuwaunganisha.

Kazi hii ina uzito wa haki pia. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000, walio wengi kwa njaa. Ukiandika kwamba njaa iliwaua, umesema kweli nusu. Majeshi ya gavana wa Kijerumani, Götzen, yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi, ili njaa imalize kile ambacho risasi hazikuweza. Mwanahistoria anayeishia kwenye njaa amemwondolea mtu hatia bila kukusudia. Anayeuliza sababu ya sababu hiyo anairudisha hatia inakostahili.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu. Nyaraka zinatupa matukio, wazee wanatupa kumbukumbu, na falsafa inatuzuia kuridhika na jibu la kwanza. Taifa linalofundisha watoto wake historia liwafundishe pia kulipima kila "kwa sababu" wanaloandika.