Ripoti ya madeni yako: shauri ni nzuri, lakini tulipige macho vizuri



Kati yetu kumezunguka shauri moja: kila mtu aangalie ripoti yake ya madeni mara kwa mara, asingoje siku ya kuomba kredi. Wengi mumejibu "asante, ni kweli kabisa". Mimi pia nasema ni kweli. Lakini naomba nilichambue kidogo, sababu tunalirudia kama vile tunaishi Nairobi.

Kule Nairobi shauri lina mahali pa kusimama. Kuna makampuni yenye ruhusa ya banki kuu, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, yanayokusanya habari za wakopaji, na sheria inampa kila mkopaji ripoti moja kwa mwaka bila kulipa. Wanaihitaji kweli. Watu waliharibiwa jina kwa deni la simu la shilingi mia chache tu, mpaka mwaka wa 2020 banki kuu ikakataza kuandika deni la chini ya shilingi 1,000. Tanzania nayo ilitoa ruhusa kwa makampuni mawili mwaka wa 2013. Mtu wa kule akiambiwa "angalia ripoti yako", anajua mlango gani atapiga hodi.

Sisi je? Banki Kuu ya Kongo iko na daftari lake la madeni, ile wakubwa wa banki wanaita santrale de riske. Mabanki yanapeleka humo majina, na yanaliangalia mbele ya kutoa franga. Lakini tangu Kavimvira mpaka Kalundu, mimi sijaona dirisha ambapo mwalimu anaweza kusimama na kuuliza: "Jina langu limeandikwaje humo?" Kodi ya dijitali ya mwaka wa 2023 inasema mtu ana haki ya kuona habari zake na kuomba zirekebishwe. Ni vizuri. Sasa ukienda nayo mkononi asubuhi, utampa nani?

Niseme yaliyonipata. Mwaka wa 2019 nilimsimamia mwenzangu mmoja wa shule, nikatia sinyatire kama mdhamini wake kwa dola 400, kwenye koperative moja ambayo sitaitaja. Alilipa yote, akamaliza mwezi wa tatu 2020. Mwezi wa nne, usiku wa tarehe 16, mto Mulongwe ukashuka na mawe yake. Munakumbuka wenyewe ule usiku. Nyumba yake ilienda, na kitansi zote ndani. Yeye akahamia Baraka. Mimi wala sikuwaza tena ile karatasi.

Mwaka wa 2023 naomba dola 600 za minervali ya binti yangu. Kijana wa kwenye gishe anaangalia ordinatere, ananiambia polepole, kwa heshima: "Papa, jina yako iko huku. Kuna dola 85 hazijalipwa." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ilichukua miezi mitano mpaka mtu mmoja akakubali kufungua daftari la keshia la 2020. Malipo ya mwisho yalikuwa yameandikwa kwa mtu mwingine mwenye jina linalofanana na la mwenzangu. Basi, wakafuta. Binti yangu alikuwa amekwisha kukosa mwaka.

Hapo ndipo naona udhaifu wa lile shauri. Linachukulia kwamba jina lako linachafuliwa na madeni yako mwenyewe. Kwetu tunachafuliwa zaidi na madeni tuliyowasimamia wengine, maana hakuna kredi bila mdhamini, na diplome yetu ndiyo inatufanya tuitwe kila siku: shemeji, jirani, mtu wa kwaya. Tena linasema "angalia", halisemi ukikuta uongo nani ana mzigo wa kuonyesha ukweli. Mimi ndiye niliyebeba mzigo huo, na ushahidi ulikuwa chini ya mawe ya Mulongwe.

Kuna mahali pamoja tu hapa kwetu ambapo nimeona madeni yakiangaliwa mara kwa mara, na siyo kwetu wenye madiplome. Ni kwenye AVEC ya mama watoto, pale Kilibula. Sanduku lina kufuli tatu, na wanawake watatu wanashika funguo. Kila mkutano wanasoma kwa sauti: fulani amekopa kiasi hiki, amerudisha hiki, imebaki hiki. Mwenye deni anasikia, wenzake wanasikia, kosa linakamatwa palepale kabla sanduku halijafungwa. Namna hii ilianzia Niger mwaka wa 1991 kwa wanawake ambao wengi hawakusoma. Siisifu yote. Kusikia deni lako mbele ya jirani kunauma, na siri hakuna. Lakini nilipokwama, ni wao walionipa dola 150 za kwanza. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Papa, wewe ule mkataba uliusoma?"

Sikuusoma. Uliandikwa kwa Kifaransa, kurasa nne, na mimi niko na lisansi. Wangapi kati yetu tuliandika TFC juu ya mikrofinansi, kurasa sitini na mipaka ya somo, halafu tunatia sahihi ya udhamini tukiwa tumesimama, mototaksi inatungoja inje?

Kwa hiyo mimi shauri ningeliandika hivi: siku deni linaisha, mkopaji na mdhamini waende pamoja, waombe karatasi inayosema limeisha, kila mmoja abaki na yake. Wakisema mashine haitoi karatasi ya namna hiyo, iandikwe kwa mkono.

Wiki jana nilienda kwa deni langu la mwisho. Yule mama wa keshia alishangaa kidogo, akakata nusu karatasi, akaandika, akapiga kashe. Alisahau tarehe. Nikamrudishia, akaandika tarehe. Niliipiga picha pale pale, nikaituma kwa mama watoto, na kwa mwenzangu Baraka.