Kazi ya Kuandika Waliotuzaa

Kamanyola, mtu akitaka kujua babu zake, hana budi kuvuka mpaka. Ng'ambo ya Mto Ruzizi kuna Bugarama ya Rwanda, na ukiteremka kidogo unatazamana na Rugombo ya Burundi. Mpaka huu ulikubaliwa huko Brussels mwaka 1910, baada ya Wabelgiji na Wajerumani kugombea bonde letu kwa zaidi ya miaka kumi. Watu waliokuwa wakioana, wakichunga na kuzikana pande zote mbili wakaambiwa kwamba sasa ni raia wa watawala wawili tofauti. Hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo anayefuatilia nasaba hapa hutafuta nyumba moja katika nchi tatu, na mimi nataka kuisifu kazi yake, maana sioni kazi nyingine ya kalamu inayotufaa kuliko hiyo.

Karibu kila ukoo una mtu wake wa namna hii. Pengine ni katekista, pengine mwalimu mstaafu, pengine binti aliyesoma Bukavu akarudi na maswali. Hana ofisi wala mshahara. Ana kaye, yaani daftari, yenye jalada gumu na biki mbili: ya bluu kwa aliyoyasikia, nyekundu kwa aliyoyasoma katika karatasi kwa macho yake. Usiidharau tofauti hiyo ya rangi. Ndiyo kazi yenyewe.

Akienda kwa mzee hamuulizi mwaka wa kuzaliwa. Anajua atapewa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao karani wa Leta, yaani serikali, aliukisia kwa kuangalia meno na mvi. Anauliza hivi: Koko, treni ilipokuwa inafika hapa, wewe ulikuwa unabeba mtoto au ulikuwa unabebwa? Vijana wengi hawajui kwamba Kamanyola ilikuwa na treni. Reli ilitoka Uvira, ikakata bonde kwa takriban kilomita 90, ikaishia hapa. Mizigo ikapakiwa katika malori kupanda mlima wa Ngomo kwenda Bukavu. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikafungwa mwaka 1958. Kwa hiyo jibu la Koko, hata likiwa la maneno mawili, linampa mwandishi miaka ya kushikilia. Akitaka kurudi nyuma zaidi atauliza habari za vita vya Tabora, yaani mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji lilipovuka Ruzizi, likaichukua Usumbura, na mwezi wa Septemba likaingia Tabora. Nyuma ya askari wale walikwenda wapagazi zaidi ya laki mbili. Katika kaye nyingi utakuta mstari wa babu mmoja unaoishia hapo: alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Mwandishi mzuri hauruki mstari huo kwa sababu tu hauna watoto chini yake.

Majina nayo ni ushahidi kwa anayejua kuyasoma. Ukikuta Mrundi wa bonde anaitwa Minani, jua mama yake alikuwa ameshazaa mara saba kabla yake. Kama kaye ina ndugu watatu tu, kuna wanne hawajaandikwa, na mara nyingi ni wale waliokufa wakiwa wachanga, ambao hakuna aliyependa kuwataja. Ukikuta Bukuru, mtafute Butoyi, pacha wake. Halafu kuna mwaka 1972, ambao umewasumbua wote wanaofanya kazi hii Kongo nzima. Mwaka ule utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo. Aliyeingia katika kitabu cha ubatizo kama Petro akatoka katika karatasi zote za Leta, na mahali pake akaingia mtu mwenye jina la kienyeji tu, pengine jina la babu, pengine jina alilochagua siku ileile mbele ya karani. Kwenye makaratasi ni watu wawili. Inahitajika subira, na shangazi mwenye kumbukumbu, ili warudi kuwa mmoja.

Na parokia! Nikiambiwa nichague hazina moja ya kuokoa katika moto, nitachukua vitabu vya ubatizo. Mapadri Weupe walifungua Mibirizi, upande wa Rwanda, mwaka 1903, na muda si mrefu wakawa wameingia Bushi, upande wa Kongo. Kitabu kina mistari iliyopigwa kwa rula: namba, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, padri. Maandishi ni ya Kilatini, wino umegeuka rangi ya chai. Jambo zuri kuliko yote liko pambizoni. Tangu amri ya Papa Pius X ya mwaka 1907, parokia inayofungisha ndoa hupeleka habari kwenye parokia ya ubatizo. Kwa hiyo pembeni mwa jina la mtoto mchanga unakuta, kwa mkono wa padri mwingine, mume aliyempata miaka kumi na minane baadaye, na mahali alipoolewa. Msichana ambaye nyumbani kwao wanasema tu "alikwenda ng'ambo" anaonekana tena, ana mume, ana parokia, na kutoka hapo ana watoto. Kwa Waprotestanti mambo ni tofauti. Wapentekoste wa Uswidi, waliofika Uvira mwaka 1921, hubatiza watu wazima, na anayeichukua tarehe ya ubatizo wao kuwa kipimo cha umri atamfanya mama kuwa mdogo kuliko mwanawe.

Kitabu cha padri kina haki moja ambayo masimulizi yetu hayana. Ukimwomba mzee wa ukoo ataje nasaba, atakwenda mwana wa fulani, mwana wa fulani, vizazi saba hata nane, na hutasikia mwanamke hata mmoja. Kitabu kina nafasi ya mama. Nasema wazi kwamba shajara ya ukoo isiyo na akina mama si shajara, ni orodha ya wanaume. Ndiyo maana ninaowaheshimu katika kazi hii huanza kwa bibi na mashangazi: wao ndio waliohama kwa kuolewa, na wanajua nyumba mbili.

Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Rwanda na Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 kitabu kilichowafundisha wanahistoria wa dunia kwamba maneno ya mdomo yanaweza kupimwa kama karatasi. Mwenye kaye wa Kamanyola huenda hajawahi kukiona, lakini anauliza maswali yaleyale: nani kasema, alisikia kwa nani, na anafaidika nini akisema hivyo.

Swali hilo la mwisho kwetu ni zito. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilitaka mtu awe na babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mwaka 1885 hapakuwa na kituo hata kimoja cha Leta katika bonde la Ruzizi, wala karani, wala kitabu. Watu wakatakiwa kuthibitisha babu mbele ya dola ambayo yenyewe ilikuwa haijafika. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilikisogeza kipimo hadi wakati wa uhuru, lakini hofu haikuondoka, na nasaba zikageuzwa silaha: huyu ni wa hapa, yule ni wa kuja. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mjomba anamwomba aongeze kizazi kimoja, mwingine anataka bibi wa ng'ambo afutwe. Fundi anakataa, anaacha mstari mtupu na kuandika juu yake "hatujui". Ninaiheshimu "hatujui" hiyo kuliko vizazi kumi vya kubuni, kwa sababu inanifanya niyaamini yote aliyoyaandika juu na chini yake.

Wapo pia wanaomtafuta babu Mzungu. Watoto wa wakoloni na wanawake wa Kiafrika waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa misheni, kama Save huko Rwanda, na baadhi yao wakasafirishwa hadi Ubelgiji, majina yamebadilishwa. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa niaba ya Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua wanawake watano walipokuwa watoto wadogo Kongo kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Leo hifadhi ya nyaraka ya Ubelgiji huwasaidia watu kama hao kutafuta mafaili yao. Wengine wamefika uzeeni ndipo wanaposoma kwa mara ya kwanza jina la mama aliyewalilia.

Sisi hatuna hifadhi ya namna hiyo Kamanyola. Tuna masanduku chini ya vitanda. Vita vya 1964 vimepita hapa, vya 1996 vimepita, na mwaka 2025 vikafika tena. Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba nyingi Uvira, na ndani ya nyumba kulikuwa na karatasi. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, kama katika ukoo wenu yupo mwenye kaye, mnunulie nyingine na umlipie nauli ya kufika parokiani. Kama hayupo, anza wewe wiki hii, kwa bibi aliye mkubwa kuliko wote, na uandike kwanza jina la mama yake. Andika aliyekuambia na tarehe uliyoambiwa. Kisha piga picha kila ukurasa, umtumie ndugu wa Bugarama, wa Rugombo na wa Uvira, ili upande mmoja ukiungua, pande nyingine ziwe nazo.