Kusoma kwa kasi si kuelewa: Funzo la mpango wa Tusome

Juzi jioni, hapa Satellite, binti wa jirani yangu aliye katika Gredi ya Tatu alinijia na kitabu cha Kiswahili. "Anko, niskize nikisoma." Akausoma ukurasa mzima bila kukwama: babu alikuwa uani akipura mtama.

Nikamuuliza babu alikuwa akipura nini. "Mtama," akajibu papo hapo. Na kupura ni kufanya nini? Kimya. Kisha: "Ati kupura? Si ni kupuliza? Lakini anko, si nimesoma yote?"

Kweli, alikuwa amesoma yote. Tatizo liko hapo.

Mpango wa Tusome, ulioanza kote nchini mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa USAID baada ya majaribio ya mradi wa PRIMR, unastahili pongezi. Ulilenga kila mtoto wa madarasa ya mwanzo awe na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Anayekumbuka watoto wanne waking'ang'ania kitabu kimoja hawezi kubeza hilo.

Lakini kusoma kunapimwaje? Kigezo cha ufasaha kilichowekwa ni maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Tofauti hiyo ina mantiki ya kiisimu. "Hawakutupikia" ni neno moja tu, ilhali Mwingereza atahitaji maneno sita kusema hivyo.

Kasoro ni kudhani kwamba kasi huleta maana. Kwa kiasi kikubwa, Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, anaweza kulisoma gazeti hili zima asiambulie kitu. Naam, kipimo hufuatwa na maswali ya ufahamu. Hata hivyo, swali la "nani" au "nini" hujibika kwa kudondoa neno kutoka kwenye sentensi, alivyofanya binti huyu. Sarufi ilimpa jibu, maana haikuhusika.

Isitoshe, mtaala wa umilisi unataka watoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mjini, aghalabu lugha hiyo huchukuliwa kuwa Kiswahili. Waama, Kiswahili cha Satellite kimechanganyika na Sheng, na babu wa wengi hapa ni guka. Akikutana na "kupura", mtoto huyu anakutana na ugeni ndani ya lugha tunayodai ni yake.

Mwalimu asitosheke na saa. Mtoto afunge kitabu, asimulie alichosoma kwa maneno yake, hata kama ni "guka alikuwa anachapa mtama na fimbo". Hapo ameelewa, sasa apewe neno sanifu. Wizara ya Elimu nayo iingize usimulizi katika vipimo vyake. La sivyo, tutaendelea kuhesabu maneno na kusherehekea watoto wanaotamka wasichokijua.