Ufundi wa Kumgeuza Mgonjwa

Mzee aliyepooza upande wa kushoto anapovishwa shati, msaidizi aliyefunzwa huanza na mkono uliopooza, akiushika kiwikoni na kuupitisha polepole. Mkono mzima hufuata. Jioni, wakati wa kumvua, huanza na mzima. Bega halivutwi hata kidogo.

Hiyo ndiyo kazi ya wauguzi wasaidizi wa Marekani, maarufu kama CNA, ambayo Wakenya wengi waliohamia huko wameianzia maisha. Wengine huidharau wakiiita kazi ya kuosha wazee. Mimi naiita ufundi, tena ufundi mgumu.

Mtazame msaidizi akimhudumia mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Kwa kawaida humgeuza kila baada ya saa mbili, kwa sababu uzito wa mwili ukikandamiza ngozi juu ya mfupa, damu haipiti, nyama hufa, na kidonda huchimbika. Wasaidizi wawili humwinua kwa shuka wala hawamburuti, maana kuburuta huchubua. Mto huwekwa katikati ya magoti, visigino vikaachwa vikining'inia bila kugusa godoro. Kisha ngozi hukaguliwa: nyongani, visiginoni, chini ya mgongo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni habari ya kumpelekea nesi upesi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo vidole hutafuta joto na ugumu. Jicho hilo halipatikani kwa haraka.

Sheria ya shirikisho ya 1987 inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, 16 kati yake za vitendo. Maine hudai 180. Mtihani wa vitendo hukagua unavyonawa mikono, kama umefunga breki za kiti cha magurudumu, na kama umevuta pazia kabla ya kumfunua mtu. Ndiyo, hata stara ya mgonjwa ina alama zake.

Malipo hayalingani na uzito wa kazi, na mgongo huumia. Wengi huendelea: karibu mwaka mmoja wa masomo ya LPN, yaani muuguzi mwenye leseni aliye chini ya nesi kamili, au miaka miwili hadi minne ya kuwa nesi kamili. Manesi waliopitia huku huwa na mikono ya kuaminika.

Unayetaka kuanza, usikimbilie kulipa ada. Makao ya wazee yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hayaruhusiwi kumtoza mwajiriwa wake gharama za mafunzo haya. Uliza hilo kwanza.