Sauti Iliyohifadhiwa na Sauti Iliyopotea: Uhuishaji wa Muziki wa Makauboi katika Sampuli na Sanaa ya Usimikaji

Makala haya yanahakiki namna wasanii wa Marekani wanavyohuisha muziki wa kale wa makauboi kwa njia mbili: sampuli, yaani kipande cha rekodi ya awali kinachopandikizwa katika wimbo mpya, na sanaa ya usimikaji, ambamo chumba cha maonyesho hufanywa kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Uhakiki unaongozwa na nadharia ya mwingilianomatini ya Julia Kristeva, inayoichukulia kila matini kuwa imesukwa kwa matini nyingine. Hoja inayotetewa ni kwamba sampuli hufufua sauti iliyohifadhiwa tu. Aliyeachwa nje ya rekodi huachwa nje ya ufufuo pia.

Tatizo hili lina mizizi katika ukusanyaji wa nyimbo zenyewe. Mwaka 1910 John Lomax alichapisha Cowboy Songs and Other Frontier Ballads. Baadaye alisimulia kwamba toleo lake la “Home on the Range” alilipata kwa mwimbaji Mweusi aliyekuwa na kilabu cha pombe mjini San Antonio, Texas. Kitabu kilihifadhi maneno na noti. Pumzi, lafudhi na madoido ya mwimbaji huyo hayakuingia. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kuwa kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, lakini filamu na redio zilijenga taswira ya kauboi Mzungu.

“Old Town Road” ya Lil Nas X inadhihirisha athari ya pengo hilo. Mdundo wake umejengwa juu ya sampuli ya “34 Ghosts IV”, kazi ya mwaka 2008 ya kundi la roki la Nine Inch Nails. Hivyo basi, matini chanzi si wimbo wa kauboi, bali ni mlio unaomkumbusha msikilizaji kauboi wa sinema. Kinachohuishwa ni kofia na farasi. Hata hivyo, Billboard ilipouondoa wimbo huo katika chati ya kantri Machi 2019, mzozo uliofuata ulifichua mipaka ya utanzu huo kuliko sampuli yenyewe.

Albamu ya Beyoncé, Cowboy Carter (2024), inakwenda mbali zaidi. Katika “Smoke Hour” msikilizaji husikia redio ikitafutiwa stesheni, na miongoni mwa sauti zinazopita ni za Son House, Rosetta Tharpe na Charles Anderson. Uteuzi wa Anderson una uzito wa pekee. Msanii huyu Mweusi alirekodi yodeli kabla ya Jimmie Rodgers kurekodi “Blue Yodel” yake ya kwanza mwaka 1927. Rekodi za Rodgers zilivuka bahari hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, ambao jina lake walilitamka “Chemirocha” katika wimbo uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950. Anderson hakupata umaarufu kama huo. Sampuli inamrudisha hewani, lakini kwa sekunde chache na bila jina lake kutamkwa. Asiyesoma maelezo ya albamu humsikia Anderson bila kumjua.

Kahlil Joseph anafuata njia tofauti katika Wildcat (2013), filamu fupi ya rangi nyeusi na nyeupe kuhusu rodeo ya Wamarekani Weusi huko Grayson, Oklahoma, ambayo baadaye ilioneshwa pia kama usimikaji. Muziki wake, uliotungwa na Flying Lotus, ni wa kielektroniki. Wapanda farasi na vumbi vinaonekana, ilhali wimbo wa kale haupo. Ukimya huo ndio nguvu ya kazi: mtazamaji anaachiwa nafasi ya kuhisi kwamba kuna sauti inayokosekana. Udhaifu wake ni kwamba asiyeijua historia hiyo anaweza kuondoka na uzuri wa picha pekee.

Kwa kuhitimisha, uhuishaji haupaswi kupimwa kwa wingi wa sauti za kale zilizomo katika kazi mpya. Kipimo kinachofaa ni namna kazi inavyolitendea jina la aliyeimba, na namna inavyolikiri pengo pale ambapo jina halikuandikwa. Kwa kipimo hicho, Cowboy Carter na Wildcat zinakamilishana: ya kwanza inarudisha sauti iliyosahauliwa, ya pili inakataa kubuni sauti ambayo haikuhifadhiwa. Mwimbaji wa San Antonio anazihitaji zote mbili.