Mizani Isiyo na Mawe

Katika michezo ya akili tuliyoirithi, kitendawili kina adabu yake: mmoja hutega, mwingine hutegwa, na aliyeshindwa hana budi kutoa mji, kwa kuwa jibu aghalabu limekwisha kukaa mahali pake tangu zama za wazee, na asiyepata kulisikia huweza kukesha akifikiri asilifikie. Lakini liko fumbo la jinsi nyingine, ambalo aliyetatizwa nalo hana haki ya kutoa mji upesi, kwa sababu jibu lake halikuwekwa amana kwa mtu yeyote. Limo ndani ya fumbo lenyewe, kama tui lilivyomo ndani ya nazi, wala halitaki ila mbuzi ya kukunia na mkono wa kukamua.

Fumbo nililokusudia kulisifu ni hili. Ziko sarafu 12 zinazofanana kwa sura, kwa mng'aro na kwa mlio. 11 ni za uzito mmoja, na moja ina kasoro, lakini kama kasoro hiyo ni uzito uliozidi au uliopungua, hatukuambiwa. Tumepewa mizani ya vitanga viwili bila jiwe hata moja la kupimia, si la wakia wala la ratili, pamoja na ruhusa ya kupima mara tatu tu. Sarafu yenye kasoro ipatikane, na ijulikane kama ni nzito au nyepesi.

Lilienea Uingereza na Marekani katika siku za Vita Kuu ya Pili na mara baada yake. Mwaka 1945 jarida la American Mathematical Monthly lilitoa ndugu yake mdogo, fumbo la sarafu nane ambamo yenye kasoro, kama ipo, hujulikana tangu mwanzo kuwa ni nyepesi, na ambalo hufumbuliwa kwa vipimo viwili. Na mwaka uliofuata kijana Mwingereza wa miaka 22, Freeman Dyson, ambaye baadaye alikuwa mwanafizikia mashuhuri huko Marekani, alieleza katika Mathematical Gazette kanuni ya fumbo zima kwa idadi yoyote ya vipimo: vitatu hutosha sarafu 12, vinne sarafu 39, na vitano sarafu 120.

Mimi nalilipokea kwa rafiki, barazani, kwa punje 12 za mahindi zilizosimama badala ya sarafu, nikaanza kama waanzavyo wengi: sita huku na sita huku. Mgawanyo huo hupendeza macho, kwa maana hakuna sarafu iliyoachwa nje bila kazi, na mpimaji hujiona mwadilifu. Nami nalitumia jioni tatu kutambua kuwa uadilifu ule ni ujinga uliovaa kanzu. Sita kwa sita, mizani haina hiari ila kuelemea, maana kasoro imo humo humo. Kitanga kimoja kitashuka, nawe hujui kama kilichoshuka kimebeba sarafu nzito au kilichopanda kimebeba nyepesi, na sarafu zote 12 zimebaki katika tuhuma kama zilivyokuwa.

Ustadi huanza pale mtu anapotanabahi kuwa mizani ina majibu matatu, si mawili. Hushuka kulia, hushuka kushoto, na hutulia. Na kutulia huko, ambako mwenye haraka hukudhani kuwa ni kunyamaza, ni usemi kamili kama ule mwingine. Basi tatu mara tatu mara tatu ni 27, na tuhuma zetu ni 24, kwa kuwa kila sarafu yaweza kushukiwa uzito na yaweza kushukiwa wepesi. Nafasi ipo, lakini ni finyu. Baada ya kipimo cha kwanza hubaki viwili, navyo haviwezi kupambanua zaidi ya tuhuma tisa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina budi kuzigawa tuhuma kwa namna ambayo, likija jibu lolote, zitakazosalia zisipite tisa. Tukiweka tano kwa tano, na mizani ikaelemea, husalia kumi, nasi tumepotea kwa moja tu. Tukiweka tatu kwa tatu, na mizani ikatulia, sarafu sita zilizokaa nje zina tuhuma 12. Nne kwa nne, na nne kando, ndio mgawanyo pekee usiotuangusha: kila jibu huacha nane.

Mizani ikitulia, kazi ni sahali. Sarafu nane zimetakasika kwa mara moja, na tatu katika zile za kando hupimwa kwa tatu zilizo safi. Zikilingana, ya nne ndiyo yenye kasoro, na kipimo cha mwisho huidhihirisha namna yake. Zikitofautiana, namna imekwisha kujulikana, na mbili katika hizo tatu zikipambanishwa, shauri limekwisha.

Uhondo uko pale mizani inapoelemea. Nne zilizoshuka na tuziite nzito, na nne zilizopanda nyepesi, ingawa majina hayo ni ya tuhuma wala si ya hukumu. Hapo ndipo nilipokaa sana, kwa kuwa nalidhani kila mshukiwa hana budi kubaki na wenziwe. Fundi hafanyi hivyo. Huweka nzito mbili na nyepesi moja katika kitanga kimoja, na nzito mbili nyingine na nyepesi moja katika cha pili, na nyepesi mbili zilizobaki huziondoa mizanini kabisa. Kitanga kimoja kikishuka, ama moja ya nzito zake mbili ndiyo iliyokishusha, ama nyepesi ya upande wa pili ndiyo iliyokipandisha kitanga chake. Zikilingana, kasoro imo katika zile mbili zilizoondolewa, na itakayopanda kati yao ndiyo. Kisha nzito mbili za kitanga kilichoshuka hupambanishwa zenyewe kwa zenyewe: ikishuka moja, ndiyo, zikilingana, ni ile nyepesi, nayo imehukumiwa katika kipimo ambacho haikuitwa. Naona katika tendo hili insafu ya kadhi ambaye shaka yake haimwangukii yote mtu aliyesimama mbele yake, wala hamsahau aliye nje ya mlango.

Nilipolifumbua, rafiki yangu alitoa mfukoni punje ya 13. Tuhuma zikawa 26, bado ndani ya 27, nami kwa pupa nikajibu kuwa inawezekana. Lakini nne kwa nne huacha tano nje, yaani tuhuma kumi, na tano kwa tano ilikwisha kutushinda. Ila tukisamehewa sharti moja, la kutaja kama kasoro ni uzito au wepesi, njia hupatikana: nne kwa nne zilingane, tatu kwa tatu safi zilingane, ya 12 nayo ilingane na safi, basi yenye kasoro ni ya 13. Tunaijua kwa yakini, ilhali haikuwekwa mizanini hata mara moja, na kama ni nzito au nyepesi hakuna awezaye kusema.